Kipandauso sio kudeka

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Sisi wenye kipandauso tukisema mwanga unaumiza watu wanadhani tunadeka, lakini ubongo wetu ndo ulivyo, wa mwenzako ukioneshwa kitu kilekile mara nyingi unazoea unatulia, wetu mara nyingi unaendelea kushtuka vilevile hata siku ambayo kichwa hakiumi. Mimi shati la mistari myeusi na myeupe tu linatosha, mistari inaanza kucheza, mara naona zigizagi zinameremeta pembeni zinatanuka taratibu kama dakika 20 hivi, halafu ndo kichwa kinaanza kugonga. Jamani taa ya ofisini inayopepesa ibadilisheni, na mtu akiomba mwanga wa skrini upunguzwe mpunguzieni tu.

Msomaji wenu