Barua ya wazi kwa mwenye funguo za masjala

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: WANAFUNZI WA SEKONDARI KUSOMA MAJALADA YA MJI WAO

Rejea kichwa cha barua hapo juu. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua tatu za kawaida zimekwama. Ya kwanza ilirudishwa kwamba haina muhuri. Ya pili ilikuwa na muhuri, ikaonekana haikupitia kwa mkuu wa shule. Ya tatu ilipita kote ilikotakiwa kupita, na sasa hakuna ajuaye iliko. Kwa ofisi inayotunza kumbukumbu, hilo lingenichekesha kama wanafunzi wangu wasingekuwa wamesimama kwenye korido tangu asubuhi.

Mimi ni mwalimu wa historia. Mji sitautaja, wala ofisi yako, maana nina hakika wakurugenzi zaidi ya mmoja watajiona humu.

Kazi niliyowapa wanafunzi ilikuwa nyepesi kuielezea: chagua kitu kimoja mjini kwenu, ueleze kilivyofika pale kilipo. Kundi moja likachagua soko. Mzee aliyeanza kuuza akiwa kijana aliwaambia soko la zamani lilihamishwa kwa ajili ya mafuriko, akawaonyesha kwa kiganja maji yalipomfika, hapa kifuani. Wakaandika. Wiki mbili baadaye binti mmoja akapata kwa karani mstaafu nakala ya muhtasari wa kikao kilichoamua kulihamisha. Kikao kilikaa miaka minne baada ya yale mafuriko, na katika kurasa zote tatu neno "mafuriko" halimo. Neno linalojirudia ni "kiwanja".

Akanijia amekunja uso. "Mwalimu, ina maana mzee ametudanganya?"

Nikamwambia hapana. Mzee anakumbuka kilichomuumiza. Karani aliandika kilichopigiwa kura. Kati yao kuna miaka minne, nayo miaka hiyo imelala kwenye rafu zako. Huenda maji ndiyo yaliyowafanya watu wakubali kuondoka, na kiwanja ndicho kilichowafanya wakubwa watake waondoke. Huenda siyo. Kitabu cha kiada hakiwezi kumpa mwanafunzi swali la namna hiyo, kwa sababu kinamfikia watu wakiwa wameshamaliza kubishana. Wazee tunawahoji bila kibali cha mtu: wanafunzi wa Rabun, Georgia, kule Marekani walianza kufanya hivyo mwaka 1966 wakatoa jarida lao wenyewe. Lakini simulizi bila jalada ni shahidi mmoja tu.

Hofu zako nazijua, na nyingine ni za haki. Karatasi kuukuu huchanika. Basi kalamu za wino zibaki mlangoni, waingie na penseli. Wanawe mikono na kuikausha vizuri. Simu zipige picha bila mwanga. (Glavu za pamba usihangaike nazo. Huondoa wepesi wa vidole, na kurasa huchanika zaidi.) Majalada ya wagonjwa na ya watoto waliofikishwa mahakamani yabaki yamefungwa, hilo silibishii hata kidogo. Lakini muhtasari wa kikao cha miaka 40 iliyopita? Uingereza ilishusha muda wa kufunga nyaraka za serikali kutoka miaka 50 hadi 30 kwa sheria ya mwaka 1967, na kuanzia 2013 ikaushusha tena, hatua kwa hatua, hadi 20. Karatasi ikishazeeka hivyo, mara nyingi kinacholindwa si siri tena, ni aibu.

Kuhusu aibu, nikukumbushe mji wa Passau, Ujerumani. Mwaka 1973 Rais wa Ujerumani Magharibi, Gustav Heinemann, akishirikiana na mfanyabiashara Kurt Körber, alianzisha shindano la historia kwa vijana. Miaka michache baadaye Anna Rosmus, aliyezaliwa mwaka 1960, akaingia na mada ya mji wake Passau wakati wa Wanazi. Alitarajia kukuta habari za watu waliompinga Hitler. Alichokuta ni majina ya waheshimiwa wa mji ule ule. Akaomba majalada, akanyimwa. Ndugu Mkurugenzi, hebu fikiri: rais anawaita vijana wachimbe, mji unawaficha jembe. Binti alikwenda mahakamani, akashinda, na mwaka 1983 akatoa kitabu. Alitukanwa na kutishiwa maisha. Leo Passau ikitajwa katika habari hizi, jina la yule aliyefunga mlango ndilo linaloacha doa, hata kama hakuna anayelikumbuka.

Sisemi kwamba kwenye rafu zako kuna kitu kama hicho. Pengine ni viwanja tu, na ugomvi wa ushuru, na mtu aliyeandika "imeahirishwa" mara 11 mfululizo. Binti yule atafurahi hata na hilo la kuahirisha.

Ninachoomba ni meza moja, Jumamosi, saa tatu hadi saa saba, na mtu wako mmoja wa kuwatolea majalada na kuyarudisha. Fomu moja badala ya barua tatu. Na orodha ya majalada yaliyopo, hata kama imeandikwa kwa mkono, kwa sababu mtoto hawezi kuomba kitu asichojua kama kipo.

Kundi la soko lina watu watano. Penseli wameshanunua.

Wako,
Mwalimu wa historia