Barua kwa Mwalimu wa Rarieda

Uyombo, Kilifi

Mwalimu mwenzangu,

Salamu kutoka pwani. Kaskazi imeshika, maji ni maangavu, na madema yanatoka na changu na tasi. Nyumbani sote wazima. Mama anakuulizia kila wiki, mbona yule mgeni wake wa ziwani amenyamaza.

Nimesikia kinu cha nyuklia kilichokusudiwa kujengwa hapa kwetu sasa kimeelekezwa Siaya, upande wenu wa Rarieda. Nilishusha pumzi, kisha nikaona haya, maana mzigo niliotuliwa umekuja kwako. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Sikuandikii ili mkatae. Umeme tunauhitaji, na mtambo wenyewe si uchawi: urani inapasuliwa, inatoa joto, maji yanachemka, mvuke unazungusha mashine. Olkaria mvuke unafanya kazi hiyohiyo tangu 1981, ila kule joto latoka ardhini. Tofauti iko kwenye kinachobaki mekoni. Urani ikishatumika hukaa miaka kadhaa ndani ya madimbwi ya maji ili ipoe, na baada ya hapo yahitaji kulindwa kwa maelfu ya miaka. Koeberg, Afrika Kusini, kinu kinawaka tangu 1984, na mabaki yake bado yamehifadhiwa palepale. Basi waulizeni mapema: yenu yatalazwa wapi, na nani atayalinda?

Hapa kwetu mvuvi mmoja mzee alisimama mkutanoni, mikono bado ina magamba ya samaki, akauliza: "Maji mtakayovuta kupoza mtambo, mtayarudisha yakiwa na joto gani?" Alikuwa anawaza hori ya Mida, ambako kamba na kaa hukulia kwenye mizizi ya mikoko. Akajibiwa habari za barabara na ajira. Akauliza tena, akajibiwa vilevile. Akaketi. Mwalimu, siku ile ndipo nilipopoteza imani. Nyuklia yenyewe haikunitisha kama kule kuulizwa jambo moja ukajibu jingine.

Kwenu swali la maji ni zito zaidi. Bahari yetu ina kina na mkondo. Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria ulio kwenu, ni ya kina kifupi, na gugumaji likisukumwa na upepo hufunga bandari nzima hata mashua zisitoke. Likija kwenye mabomba ya mtambo itakuwaje? Na ziwa hilo ni la Uganda na Tanzania pia, nao wameulizwa?

Kuna hesabu nyingine naomba uifanye na wanafunzi wako. Kinu kilichopangiwa kwetu kilikuwa cha megawati 1,000. Mwaka 2025, hata saa ile nchi nzima ilipotumia umeme mwingi kuliko zote, haikufika megawati 2,500. Chanzo kimoja kikubwa namna hiyo kikizimika ghafla, nani atajaza pengo? Unakumbuka Agosti 2023, karibu nchi nzima gizani. Wanasema ujenzi uanze 2027 na umeme utoke 2034. Miaka ni michache, na nyaya za kuupokea nazo zataka kujengwa.

La mwisho ni ardhi. Huku wengi wetu tunalima mashamba ya mababu bila hati, na wapimaji walipokuja hatukuwa na karatasi ya kuonyesha. Nyinyi msisubiri. Andikeni shamba la nani liko wapi, mti kwa mti, na makaburi yote yaliyo bomani. Pigeni picha. Kaburi la baba yako lile kando ya mkuyu, anza na hilo.

Mkutano wa kwanza ukiisha niandikie. Nataka kujua walisema nini kuhusu mabomba na gugumaji, kwa maneno yao wenyewe. Likizo ya Agosti nikijaliwa nitakuja, tukae pamoja na wavuvi wa Lwanda Kotieno, niwaeleze tuliyoyaona.

Msalimie mama watoto.

Mimi mwenzako