Barua ya wazi kwa shemeji yangu, gabai mpya wa sinagogi la kijijini

Shemeji yangu,

Hongera kwa kuchaguliwa. Usiwasikilize wanaosema gabai, yaani msimamizi wa usomaji wa Torati sinagogini, ni mtu wa kuita majina tu. Tangu mwanzilishi wetu Semei Kakungulu alipojitenga na kanisa mwaka 1919 hadi Gershom Sizomu alipopewa urabi (cheo cha mwalimu wa dini) kule Los Angeles mwaka 2008, Abayudaya, yaani sisi Wayahudi wa Mbale, Uganda, tulilindiwa ibada yetu na wazee wasiokuwa na cheo hicho. Hata leo rabi hawezi kuwa kwenye sinagogi la kilima cha Nabugoye na kijijini kwenu asubuhi moja, maana siku ya Sabato hatupandi gari. Kwa hiyo heshima ya watu wanaoingia mlangoni Jumamosi iko mikononi mwako.

Anza Alhamisi. Toa gombo la Torati sandukuni, muwe wawili, mliviringishe mpaka mwanzo wa somo la wiki. Gombo halina irabu, halina namba za sura wala za aya, na mengi yana safu zipatazo 245, kwa hiyo usitegemee macho peke yake: linganisha na kitabu cha mazoezi cha msomaji. Angalia vilevile kama mwezi mpya unaangukia Sabato hiyo, kwa sababu hapo mtasoma pia kutoka Hesabu 28. Mkiwa na magombo mawili, la pili liwe tayari kwenye aya yake. Mkiwa na moja tu na somo la wiki liko katika kitabu cha Mwanzo, ni safari ndefu ya kuviringisha mbele ya watu. Panga mapema nani atashika na wimbo gani utaimbwa, la sivyo sinagogi litageuka baraza la mazungumzo. Msimu wa mvua usilifunge gombo kwenye plastiki. Ngozi hunyonya unyevu, kuvu huota, na wino ukianza kubanduka fundi wa kuandika Torati hayuko jirani.

Asubuhi ya Sabato unaita watu saba kwenye Torati, kisha mmoja wa maftiri, yaani kipande cha mwisho cha somo. Kwa desturi wa kwanza ni kohani (wa uzao wa Haruni), wa pili Mlawi (wa kabila la Lawi), waliobaki Waisraeli wa kawaida. Aliyeongokea Uyahudi huhesabiwa Mwisraeli, na watoto wa walioongoka vilevile, kwa hiyo Sabato nyingi hutakuwa na kohani wala Mlawi. Ila mgeni akija, muulize kwa upole kabla ya ibada, akiwa bado mlangoni. Kohani akiwepo na Mlawi hayupo, kohani huyohuyo huitwa tena mahali pa Mlawi. Aliyeongoka mwenyewe huitwa mwana wa Abrahamu baba yetu, lakini mtoto wake huitwa kwa majina ya wazazi wake. Ukichanganya hapo unamvua mtu nasaba yake hadharani. Andika majina yote ya Kiebrania kwenye daftari siku ya kazi. Na kwa kuwa kijiji kizima ni ukoo mmoja, kumbuka desturi ya kutoita baba na mwanawe, au ndugu wawili, wakifuatana.

Sasa kusahihisha, na hapa ndipo gabai hujulikana. Mnasimama wawili, mmoja kila upande wa msomaji, na wewe unafuata kwenye kitabu chenye irabu. Kosa linalobadilisha maana, mrudishe, kwa sauti ya chini anayoisikia yeye. Akiteleza kwenye mahadhi tu na maana imebaki ileile, mwache aendelee. Waambie waumini mapema kwamba ni nyinyi wawili tu mnaosahihisha. Kijana wa miaka 13 akipigiwa kelele kutoka pande nne siku ya kwanza kusoma, mwaka ujao hutamwona pale mbele, na msomaji aliyekimbizwa hivyo ni vigumu mno kumrudisha.

Msomaji akisimama na kukuonyesha herufi iliyokatika, msibishane. Muite mtoto anayezijua herufi lakini bado haelewi habari inayosomwa, umwonyeshe ile moja. Akiitaja sawasawa, endeleeni. Mtoto hatakiwi kuwa hodari sana, kwa sababu hodari atakisia kutokana na neno zima. Kama kosa ni wazi, mfano herufi haipo kabisa, mtoto haitwi: gombo linafungwa na linatolewa jingine. Lile bovu lifunge mshipi wake juu ya vazi, kwa nje, ili asiwepo wa kulitoa tena kabla halijatengenezwa.

Watu kumi ndiyo sharti la kusoma Torati kwa baraka zake, na kwa Kadishi na Kedusha, sala za kumtukuza Mungu. Nani anahesabiwa hutegemea sinagogi: kwenu wanawake wamo, kwa Waorthodoksi ni wanaume tu. Usiwanyooshee watu kidole kuwahesabu. Tumia Zaburi 28:9, ambayo kwa Kiebrania ina maneno kumi, neno moja kwa kila mtu. Mkibaki tisa kwa sababu ya matope, someni somo kwenye kitabu bila baraka, msiliache.

Kuhusu mishumaa ya Ijumaa, ni dakika 18 kabla ya machweo. Hapa karibu na ikweta machweo husogea kama nusu saa tu mwaka mzima, basi watu hukariri wakati mmoja na kuushikilia. Mwanzoni mwa Novemba jua huwahi, Februari huchelewa, na aliyekariri saa ya Februari huwasha Novemba Sabato ikiwa imeshaingia. Bandika saa ya kila wiki mlangoni.

Ahadi za michango zisikutie hofu, ingawa kalamu hairuhusiwi siku ya Sabato. Andaa Ijumaa kadi zenye majina na viwango vilivyochapwa pembeni, kila kadi na kibanio chake. Mtu akiahidi, unasogeza kibanio kwenye kiwango chake. Jumamosi usiku, nyota tatu zikishaonekana, ndipo unaandika. Na orodha ya wagonjwa tunaowaombea, wanaotajwa kwa jina la mama, ipitie kila Alhamisi pamoja na familia zao, maana waliopona husahaulika humo miezi mingi huku aliyelazwa jana hajaandikwa.