Kamera zinabadilika, radi ya Ziwa Victoria haibadiliki

Mhariri,

Ukiingia duka la vifaa vya umeme katikati ya jiji la Mwanza siku hizi, muuzaji atakwambia mambo mawili bila kupumua: kwamba kamera za waya wa koaksi, ule kama wa antena ya TV, zimekwisha, na kwamba kamera mpya za Wi-Fi hazihitaji fundi. La kwanza si kweli. La pili ni kweli nusu, na sisi tunaofunga kamera za ulinzi kuanzia Igoma hadi Nyegezi tunaomba nafasi kwenye gazeti lako tuieleze nusu hiyo.

Koaksi kwanza. Kati ya 2012 na 2014 watengenezaji walipata namna ya kupitisha picha ya HD kwenye waya ule ule wa zamani, zikatoka njia tatu zinazoshindana: HD-CVI ya Dahua, HD-TVI iliyotoka Techpoint na kubebwa na Hikvision, na AHD ya NextChip ya Korea Kusini. Mwanzoni kamera ya njia moja haikuelewana na kinasa (kifaa kinachorekodi picha) cha njia nyingine, na wateja wengi waliumia. Leo ugomvi huo umekwisha bila mshindi. Vinasa vingi vilivyoko sokoni hupokea zote tatu na analogi ya zamani juu yake, na baadhi huongeza nafasi za kamera za IP, zile zinazotuma picha kwa kebo ya mtandao. Kamera yenyewe hubadilishwa njia kwa kitufe kwenye mkia wake. Mwenye duka ambaye ukutani kwake kuna koaksi ya RG59 ya shaba iliyo nzima hana sababu ya kung'oa kitu: abadilishe kamera na kinasa, waya abaki nao. Waya huo hufikisha picha ya megapikseli 2 umbali wa mita 300 hivi, wakati kebo ya mtandao haipaswi kuzidi mita 100 kwa kipande kimoja. Kwenye yadi ndefu au uzio wa ghala, tofauti hiyo ndiyo inayoamua.

IP ina ubora wake na hatuubishii. Picha ni kubwa zaidi, kamera inatofautisha mtu na mbuzi, na kebo moja inabeba picha na umeme. Tangu Axis, Bosch na Sony waanzishe ONVIF, lugha ya pamoja ya kamera za IP, mwaka 2008, kamera ya kampuni moja inaweza kurekodiwa na kinasa cha nyingine, ingawa mambo ya ziada kama utambuzi wa mtu mara nyingi hayavuki. Kwa jengo jipya ambalo kuta bado hazijapigwa plasta, tungeshauri IP bila kusita.

Lakini malalamiko tunayoitiwa mara nyingi hayajali kama kamera ni ya koaksi au ya IP. Mteja anasema: mchana zote zinaonekana, usiku mbili zinawaka na kuzima. Anadhani kamera ni mbovu. Kinachotokea ni kwamba giza likiingia taa za infraredi za kuonea gizani zinawaka na kamera inadai umeme mara mbili au zaidi ya ule wa mchana. Chukua kamera ya volti 12 inayokula ampea 0.2 mchana na 0.5 usiku, iliyo mita 50 kutoka kwenye adapta, kwa waya wa milimita za mraba 0.5. Shaba halisi itapoteza kama volti 1.7 usiku, na kamera ibaki na 10.3. Ukiwa ni ule waya wa alumini uliopakwa shaba, zinapotea kama 2.7, inabaki 9.3, na hapo kamera nyingi huanza kujizima na kujiwasha. Upande wa IP ugonjwa ni ule ule kwa sura nyingine. Swichi ya PoE, kifaa kinachozipa kamera mtandao na umeme kwa kebo moja, yenye milango minane imeandikwa wati 15.4 kwa mlango, ila ukisoma kibandiko cha chini unakuta jumla ya swichi nzima ni wati 60. Kamera nane za wati 9 kila moja usiku zinataka 72. Swichi haina la kufanya ila kuzikata baadhi.

Waya wa alumini uliopakwa shaba umejaa madukani, na boksi lake huandikwa Cat6, daraja la kebo ya mtandao, bila aibu, ingawa viwango vya Cat6 vinataka shaba tupu. Kuutambua hakuhitaji kifaa. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Inua boksi la mita 305. La alumini ni jepesi waziwazi. Huvunjika pia ukiukunja mara chache kwenye kiunganishi, na ukifungwa nje unaota unga mweupe ndani ya miezi. Fundi anayekupa bei ya chini kupita wenzake wote kwa kawaida ameipata hapa.

Sasa radi. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za Afrika zinazopigwa na radi nyingi zaidi, na juu ya ziwa nyingi hupiga usiku, wakati kamera ndiyo inayotegemewa. Radi haihitaji kuigusa kamera. Ikipiga mti au nguzo iliyo jirani, shaba ya mita 80 inayotoka getini hadi ndani inaokota mshtuko na kuupeleka moja kwa moja kwenye kinasa. Alama yake inajulikana: mlango mmoja au miwili ya kinasa imekufa, mingine inafanya kazi, na hadidiski ni nzima.

Watu hununua kinga ya radi, wakaifunga, wakaungua vilevile. Kinga hiyo kazi yake ni kuupeleka mshtuko ardhini, na kama hakuna eathi ya kweli, yaani muungano na ardhi, haina pa kuupeleka. Hapa ndipo Mwanza inapotutesa. Fimbo ya eathi ya mita 1.2 inayozama kwa dakika kumi kwenye udongo wa Magu, huku Isamilo, Mabatini au Bugando inagonga mwamba kabla ya kufika nusu. Mafundi wengine huikata iliyobaki kwa msumeno na kufunika kwa saruji. Eathi hiyo ukiipima unakuta mamia ya ohmu, wakati kwa kinga ya radi inatafutwa 10 au pungufu. Inayofanya kazi kwenye miamba ni kuchimba mtaro mahali udongo ulipojikusanya kati ya mawe, hata kama ni mita 15 kutoka kwenye nyumba, kulaza waya wa shaba mtupu chini yake, kushindilia fimbo kadhaa zilizoachana kwa umbali usiopungua urefu wa fimbo moja, kuziunganisha zote, na kufukia kwa udongo wa mfinyanzi au bentonaiti inayotunza unyevu. Kisha iungwe na eathi ya nyumba. Eathi mbili zisizojuana katika jengo moja ni hatari kuliko moja dhaifu, kwa sababu radi ikipiga zinakuwa na volti tofauti, na kinasa ndicho kinachokaa katikati yake. Mwishoni ipimwe kwa mita ya eathi, na namba iandikwe. Jengo hadi jengo tumia faiba, kebo ya nyuzi za kioo, kwani kioo hakibebi umeme. Ila umeme wa kamera za huko upatikane huko huko, maana ukivuta waya wa umeme sambamba na faiba hujafanya kitu.

Turudi kwenye Wi-Fi. Kwa chumba kimoja, duka dogo la dawa au mtoto mchanga aliyelala, ni kweli: nunua, changanua kodi ya QR kwa simu, umemaliza, usitulipe. Shida inaanza pale kamera hiyo hiyo inapopelekwa getini. Ruta iko sebuleni, katikati kuna kuta mbili za tofali na geti la chuma. Mitaa iliyobanana kila nyumba ina ruta yake kwenye gigahezi 2.4, ambako chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11. Mita ya LUKU na swichi yake mara nyingi viko nje ukutani. Umeme ukikatika, kwa TANESCO au kwa mkono wa mtu, ruta na kamera vinalala pamoja. Kadi ya kumbukumbu nayo iko ndani ya kamera, kwa hiyo anayeing'oa kamera anaondoka na ushahidi.

Mahali ambapo kamera isiyo na waya imetushinda kwa haki ni ziwani. Vizimba vya samaki na mialo havina umeme wala njia ya kebo, na kamera ya sola yenye laini ya simu ndiyo jibu. Wanaoifunga wenyewe, hata hivyo, huifunga juu ya kizimba. Kizimba kinayumba, kila wimbi kamera inaliona kama mtu, inaamka, inarekodi, inatuma, na betri inaisha kabla ya alfajiri. Ifungwe kwenye mwamba au nguzo iliyosimama imara, ikitazama kizimba. Bando pia lipigiwe hesabu: picha ya megabiti 1 kwa sekunde hula kama megabaiti 450 kwa saa, sawa na gigabaiti 10.8 kwa siku ukiiacha wazi. Paneli ifutwe kinyesi cha ndege. Na kama kamera ina taa nyeupe, izime: msimu wa wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi, taa hiyo huwaita wote, buibui hufuata chakula chake, na utando mbele ya lenzi ndio utakaoutazama hadi asubuhi.

Kuna jambo linaloumiza zaidi polisi wanapoomba picha: mtu anaonekana, sura haisomeki. Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, katika toleo lake la 2014 kilitaka pikseli 250 kwa kila mita ya upana ili kumtambua mtu usiyemjua. Kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1,920 kwa upana, kwa hiyo inaweza kutazama upana wa mita 7.7 tu kwa kazi hiyo. Kwa lenzi ya milimita 2.8, ambayo ndiyo inayofungwa kila mahali kwa sababu inaonyesha uwanja wote na mteja anafurahi, upana huo unafikiwa mita 3 tu kutoka kwenye kamera. Kwa lenzi ya milimita 6 unafika mita 7 hivi. Ukiiacha ile ya 2.8 na kununua kamera ya 4K, yenye pikseli mara mbili kwa upana, unafika mita 6. Yaani lenzi inayofaa kwenye kamera ya kawaida inashinda 4K iliyofungwa ovyo. Weka moja pana kwa uwanja na moja finyu kwa mlango, usawa wa kichwa au juu yake kidogo. Ikining'inia mita 5 juu itakuonyesha kofia.

Saa ya kinasa ni jambo dogo linaloharibu makubwa. Betri yake ndogo ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka, na kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinaitaka mahakama ipime uaminifu wa namna kumbukumbu ilivyotengenezwa na kutunzwa. Wakili wa upande wa pili hatahitaji kuuliza zaidi.

Kuhusu akaunti tunawasema wenzetu. Kamera nyingi za sasa humtambua aliyechanganua kodi wa kwanza kuwa mmiliki, na wengine wote ni wageni wake. Fundi huchanganua kwa simu yake ili amalize haraka, kisha hupotea na simu hiyo. Wengine hutumia nywila moja kwa wateja wote wa mtaa. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka kamera na vinasa vingi duniani kwa kujaribu tu orodha ya nywila za kiwandani, na Septemba 2021 Hikvision yenyewe ilitoa marekebisho ya udhaifu ulioruhusu mtu kuitawala kamera bila nywila yoyote. Kamera isiyosasishwa tangu ifungwe ni mlango wazi, hata ingekuwa ya kampuni gani.

Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Jiji letu limejengwa kwa ngazi. Kamera ya nyumba ya juu huko Igogo inatazama hadi bafu la uani la nyumba ya chini. Vinasa karibu vyote vina sehemu ya kuziba eneo fulani la picha kwa kivuli cheusi. Kuiweka ni dakika mbili, na sijui fundi anangoja nini.

Kwa hiyo kijana anayeingia VETA leo akitaka kazi hii, asijifunze kuvuta waya na kubana viunganishi peke yake. Kazi hiyo itaendelea kupungua, iwe koaksi, iwe IP. Ajifunze umeme na mtandao kwa pamoja: kupima eathi, kukokotoa upotevu wa volti, kugawa anwani za IP, kukadiria diski. Kamera nane zinazotuma megabiti 4 kwa sekunde kila moja hujaza kama gigabaiti 346 kwa siku, kwa hiyo diski ya terabaiti 2 haimalizi siku sita. Mteja anayeahidiwa mwezi mzima kwa diski hiyo anadanganywa, na fundi wake huenda hajui kwamba anadanganya.

Ombi letu ni kwa wanaoandika zabuni za shule, zahanati na masoko. Zabuni nyingi husema "kamera 16 na kinasa" na mwenye bei ndogo anachukua. Ziandike pia: waya wa shaba tupu na ukubwa wake, ohmu za eathi zilizopimwa, siku za kuhifadhi picha, pikseli kwa mita pale mlangoni, na akaunti ya mmiliki kwa jina la taasisi. Zikiandikwa hivyo bei zitapanda, na baadhi yetu tutashindwa kuzijaza.

Fundi wa kamera za ulinzi, kwa niaba ya wenzake
Ilemela, Mwanza