Siko seli: hiyo protini mbona hamuiandiki?

Mhariri, salamu kwako na kwa wenzako wote hapo chumba cha habari.

Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi na ni mama wa mtoto mwenye siko seli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, au selimundu kama mnavyopenda kuandika nyie. Naandika sababu kila mkigusa huu ugonjwa habari inakuwa ileile, idadi ya watoto wanaozaliwa nao, mheshimiwa fulani kakata utepe, vijana pimeni kabla ya ndoa, basi imeisha. Mwaka 2023 ilipotoka ile habari ya tiba ya kuhariri vinasaba nikasema leo ndo leo, nikasoma mpaka mwisho, hakuna hata mstari mmoja unaosema wamehariri nini. Na utamu wote uko hapohapo kwenye hiyo "nini", tena inamhusu hata mzazi wa kijijini ambaye hiyo tiba hataiona leo wala kesho.

Ngoja nieleze, si mambo magumu kihivyo.

Hemoglobini ni protini, kazi yake kushika oksijeni kwenye mapafu na kwenda kuiachia huko mwilini inakohitajika. Mtu mzima sehemu kubwa anayo aina moja, A, ila mtoto akiwa tumboni anatumia nyingine inaitwa F, hii inashika oksijeni kwa nguvu kuliko ya mama yake, na lazima iwe hivyo, bila hivyo angeivutaje kutoka kwenye damu ya mama? Akishazaliwa F inapungua taratibu na A inaongezeka, ikifika miezi sita hivi mambo yameshageuka. Sasa mwenye siko seli badala ya A anatengeneza S. Tofauti ya A na S ni ndogo mpaka inakera, kwenye mnyororo wa beta, moja ya sehemu zinazoijenga hemoglobini, kuna amino asidi 146 (vipande vidogo vya protini), ya sita tu ndo imebadilika, palipotakiwa kuwa na glutamiki asidi pamekaa valini. Oksijeni ikishatoka hiyo valini inanasa kwenye hemoglobini ya jirani, nayo inanasa nyingine, zinaungana nyuzi ndefu ngumu mpaka chembe nyekundu ya damu nzima inapinda na kuziba vimishipa, hapo ndo maumivu. Lakini F haikubali kuingia kwenye hizo nyuzi. Ikiwepo ya kutosha ndani ya chembe nyuzi zinashindwa kurefuka.

Ndo maana mtoto wa siko seli miezi ya mwanzo anakuwa mnene, anacheza, hana shida yoyote, daktari mmoja New York, Janet Watson, aliliandika hilo tangu mwaka 1948 kwamba vichanga hawa wanakingwa na hemoglobini ya utotoni. Huku kwetu sasa, mtoto akivimba vidole vya mikono na miguu ghafla akiwa na miezi minane maneno yanaanza, "si alikuwa mzima huyu", na wa kulaumiwa anatafutwa kwenye ukoo wa mwanamke. Alikuwa na F jamani, imepungua.

Kwa nini inapungua? Jeni ya kutengeneza F, yaani maelekezo yake kwenye DNA, haifi mtu akikua. Ipo palepale kwenye kromosomu ya 11, kwako mhariri ipo, kwa mwanangu ipo na haina kasoro yoyote. Imezuiwa tu, na mzuiaji mkuu ni protini nyingine inaitwa BCL11A (wanasayansi na majina yao). Hii haibebi oksijeni wala nini, yenyewe inatafuta herufi fulani kwenye DNA, TGACCA, na kujishikiza hapo, na herufi hizo zipo kama nafasi 115 kabla ya pale jeni ya F inapoanza kusomwa. Ikishajishikiza ni sawa na konda aliyesimama mlangoni mwa daladala kasema gari imejaa, mitambo ya kusoma jeni haiingii, F haitengenezwi. Na wapo watu wamezaliwa na herufi moja tofauti hapohapo, BCL11A inakosa pa kushika vizuri, wanazeeka na F nyingi damuni wala hawaumwi chochote. Hao ndo waliowafanya watafiti wajue kwamba kuirudisha F kwa mtu mzima hakuna madhara.

Jina la BCL11A lilijitokeza mwaka 2007 na 2008 walipolinganisha DNA za watu wenye F nyingi na wenye F kidogo, halafu maabara ya Stuart Orkin kule Boston wakaipunguza kwenye seli za damu, F ikapanda. Na msidhani ni mambo ya huko tu, mwaka 2014 ulitoka utafiti uliofanywa kwa wagonjwa zaidi ya 1,000 wa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ukaikuta BCL11A hiyohiyo. Wagonjwa wetu, damu yao, sijawahi kuiona gazetini hiyo!

Kwa hiyo ile tiba ya 2023, Casgevy, Uingereza waliipitisha Novemba na Marekani Desemba, wala haikurekebisha jeni mbovu ya S kama wengi tulivyodhani. Wanachukua seli za uboho za mgonjwa (uboho ni ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu), wanakata sehemu inayoiwasha BCL11A kwenye seli zinazotengeneza chembe nyekundu. BCL11A yenyewe hawaiondoi kabisa sababu inahitajika kwenye ubongo na kwenye chembe nyeupe, wanaizima huko tu. Wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walikaa angalau mwaka mzima bila shambulio kali. Bei yake Marekani dola milioni 2.2, na kabla ya kurudishiwa seli zako unapigwa kwanza dawa kali ya kuua uboho wa zamani, kwa hiyo tusidanganyane.

Ila kuna kidonge. Haidroksiurea imekuwepo miaka mingi, ilianzia kwenye saratani za damu, Marekani waliiruhusu kwa watu wazima wa siko seli mwaka 1998, na moja ya kazi zake kubwa ni hiyohiyo ya kupandisha F. Watoto wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda walijaribiwa, maumivu yakapungua, kuongezewa damu kukapungua, hata malaria na vifo. Na bado kliniki nakaa benchi moja na wazazi walioiacha, mmoja kaambiwa na jirani ni dawa ya kansa, mwingine anampa mtoto akiumwa tu kama panadol, mwingine aliona miezi miwili imepita hamna kitu akabwaga. Nani aliwaambia kwamba F inapanda polepole, miezi kadhaa, na ukiacha inashuka tena? Au kwamba vile vipimo vya mara kwa mara ni kwa sababu dawa inaweza kushusha chembe nyeupe kupita kiasi, sio kwamba hospitali inatafuta hela?

Mi nilielewa siku kijana wa maabara aliponiwekea mezani karatasi mbili za mwanangu, ya kabla ya dawa na ya baadae, ile michoro ya vilima, cha S kirefu, pembeni cha F kilichokuwa kimelala kimenyanyuka. Akaniambia mama, huyu mdogo ndo tunamlea. Sijaruka dozi kwa uzembe tangu hapo.

Ombi langu ni hilo tu, chapisheni karatasi ya namna hiyo, mfute jina la mgonjwa, ukurasa mzima, muandike S ni nini, F ni nini, na nani anaizuia F. Na mkienda wizarani muwaulize mtoto mchanga anayezaliwa kwenye zahanati ya huku kwetu atapimwa lini siko seli, maana kile kipindi ambacho F bado inamlinda ndo kipindi cha kumjua na kumuanzishia kliniki, sio kusubiri mpaka vidole vivimbe.

Mama wa mtoto wa siko seli,
Kanda ya Ziwa