Kwa mawakili vijana: ulizeni sababu, kisha ziandikeni

Wanangu,

Barua hii ni yenu mliovaa joho juzijuzi na mnaokaribia kulivaa: mawakili wa kujitegemea, waendesha mashtaka, mahakimu wapya, na ninyi mnaomalizia mafunzo ya uwakili. Namfikiria zaidi yule ambaye akiingia mahakamani au kwenye kikao cha ofisi anajikuta yuko peke yake kwa rangi yake. Wenzake ambao jambo hilo halijawahi kuwapitia akilini wasiifunge barua, maana sehemu kubwa ya maneno haya inawahusu wao.

Nimestaafu, sina tena kesi wala mteja wa kupoteza, kwa hiyo nitasema waziwazi. Ubaguzi wa rangi katika taaluma yetu siku hizi ni nadra kujitaja jina. Huja na sababu. Sababu yenyewe imepangwa vizuri, ina mantiki, na pengine haina neno hata moja linalogusa rangi ya mtu. Kazi yenu ni kuidai sababu hiyo itamkwe, iandikwe, kisha ipimwe kwa kipimo kilekile anachopimiwa kila mtu.

Tuanzie kwenye meza. Enzi za ubaguzi Afrika Kusini, zilikuwapo mahakama zilizokuwa na meza ya mawakili Wazungu na meza nyingine ya mawakili wasio Wazungu, ndani ya chumba kimoja, mbele ya hakimu mmoja. Godfrey Pitje, aliyekuwa akifanya mafunzo ya uwakili katika ofisi ya Mandela na Tambo, aliamriwa akae kwenye meza ile ya pili. Akakataa. Akatiwa hatiani kwa kudharau mahakama, na rufaa yake ikatupwa mwaka 1960. Sasa isikilizeni sababu ya majaji wa rufaa: wakili anaweza kumtetea mteja wake sawasawa akiwa meza hii au ile, kwa hiyo hakuna aliyepungukiwa kitu. Hukumu hiyo haina tusi wala kelele, na ndiyo maana naiogopa kuliko tusi. Mtu akikutukana, kila aliye chumbani amesikia. Akikwambia huna ulichopungukiwa, wewe ndiye unayeonekana mkorofi.

Nchi hiyohiyo ilikuwa na Ismail Mahomed. Chama cha mawakili wa Pretoria kilikuwa cha Wazungu watupu, akakataliwa, akaenda Johannesburg. Huko nako sheria ya kutenga maeneo kwa rangi ilimnyima ofisi yake mwenyewe, ikabidi afanyie kazi kwenye vyumba vya wenzake wakati wao wapo mahakamani. Alipokuwa na rufaa Bloemfontein hakuruhusiwa kulala katika jimbo lile kwa sababu alikuwa mtu wa asili ya Kihindi. Alitoa hoja mchana, jioni akavuka mpaka wa jimbo, asubuhi akarudi kumalizia. Hebu fikirini kuandaa hoja za kesho katika hali hiyo, huku mpinzani wako amelala hoteli ya jirani na faili lake liko mezani! Mwaka 1991 akawa jaji wa kwanza asiye Mzungu nchini humo, na kufikia mwaka 1997 alikuwa Jaji Mkuu, akiketi Bloemfontein kulekule.

Mtasema hayo yamepita, sheria za aina hiyo zimefutwa. Kweli, zimefutwa. Basi twendeni Marekani, ambako sheria ilikwisha kufutwa na mambo yakaendelea.

Huko hatia katika kesi nzito huamuliwa na juri, yaani raia wa kawaida walioteuliwa kwa ajili ya kesi ile. Kabla ya kesi kuanza, kila upande unaruhusiwa kukataa idadi fulani ya watu bila kutoa sababu. Mwaka 1965 wakili mweusi Constance Baker Motley alisimama mbele ya Mahakama ya Juu kupinga waendesha mashtaka wa Alabama waliotumia ruhusa hiyo kuwaondoa watu weusi. Alishindwa. Alifika mbele ya mahakama ile mara kumi, na hiyo ndiyo kesi pekee iliyomshinda. Ilipofika mwaka 1986, katika kesi ya Batson, mahakama ikageuza msimamo: mwendesha mashtaka akitiliwa shaka, sharti atoe sababu isiyohusu rangi.

Hapo ndipo sababu zilipoanza kumiminika. Katika kesi moja ya Georgia, mwanamke mweusi wa miaka 34 aliondolewa kwa hoja kwamba umri wake unakaribiana na wa mshtakiwa. Mshtakiwa alikuwa na miaka 19. Mzungu wa miaka 21 akaachwa aketi. Miaka mingi baadaye watetezi waliomba nyaraka za upande wa mashtaka chini ya sheria ya kumbukumbu za umma, wakakuta orodha ambayo majina ya watu weusi yamepakwa rangi ya kijani na kuwekewa herufi B pembeni. Mahakama ya Juu ikawapa ushindi mwaka 2016.

Kisha kuna Curtis Flowers wa Mississippi, aliyeshtakiwa mara sita na mwendesha mashtaka yuleyule kwa kosa lilelile. Katika kesi zote sita, kati ya watu weusi 42 ambao upande wa mashtaka ungeweza kuwakataa, uliwakataa 41. Katika kesi ya sita, watu weusi watano waliokataliwa waliulizwa maswali 145 kwa jumla. Wazungu 11 walioketi waliulizwa 12. Hesabu hizo zimo ndani ya hukumu ya mwaka 2019 iliyotengua kutiwa kwake hatiani, na zisingekuwamo kama mpiga chapa wa mahakama asingenukuu kila swali, na kama wakili fulani asingekaa chini akayahesabu moja baada ya jingine. Kazi ya kuchosha, haina makofi. Naiheshimu kuliko hotuba nyingi nilizozisikia kwenye makongamano ya wanasheria, zangu zikiwamo.

Ofisini mambo ni hayohayo, ila hakuna anayenukuu. Mtaambiwa fulani “hajakomaa”, “haendani na ofisi”, “mteja atapata shida kumzoea”. Ulizeni kwa adabu: jambo gani, siku gani, na mwenzake aliyefanya vilevile aliambiwa nini? Tangu mwezi wenu wa kwanza wekeni daftari. Andikeni tarehe, faili, nani aliyewapa kazi, na kama mlisimama kusema mbele ya jaji au mlibeba mafaili tu na kukaa nyuma. Baada ya mwaka daftari hilo litasema kitu ambacho manung'uniko ya jikoni wakati wa chai hayawezi kukisema. Pengine litawaonyesha kwamba mlidhani mmebaguliwa kumbe kazi iligawanywa vizuri. Hilo nalo ni faida, wala msilionee haya.

Maana kupokelewa kwenye taaluma ni jambo moja na kupewa kazi ni jingine kabisa. Charlotte Ray alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi kuwa wakili Marekani, mwaka 1872. Alifungua ofisi Washington, wateja hawakuja vya kutosha, akaifunga, akaishia kufundisha shule New York. Cheti alikuwa nacho. Leo taasisi nyingi zinapenda sana kuhesabu walioingia, zinapiga picha nzuri ya pamoja, na hazihesabu nani aliondoka mwaka wa tatu bila kuwahi kusimama mbele ya jaji.

Na mlangoni je? Mwaka 2020 wakili kijana mweusi huko Uingereza alidhaniwa kuwa mshtakiwa mara tatu kwa siku moja, katika jengo la mahakama alikokwenda kumtetea mteja. Alilalamika hadharani, na uongozi wa mahakama ukaomba radhi. Likiwapata la namna hiyo, malizeni kwanza kazi ya mteja. Yeye ndiye mwenye kesi, na hasira yenu haimpunguzii kifungo. Jioni hiyohiyo, kabla maneno hayajapoa, andikeni saa, mlango, cheo cha mhusika na alichosema, kisha mpeleke malalamiko hayo kwa maandishi kwa uongozi wa mahakama.

Mkiwa majaji mtakutana na jingine. Mtaombwa mjitoe kwenye kesi ya ubaguzi kwa sababu ninyi ni wa rangi fulani. Motley, ambaye mwaka 1966 alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi kuwa jaji wa mahakama za shirikisho, aliombwa hivyo mwaka 1975 katika kesi ya ubaguzi wa kijinsia dhidi ya ofisi kubwa ya mawakili. Akakataa. Kila jaji ana rangi na jinsia, akasema, na kama hilo linatosha kumwondoa mtu, basi hapana jaji katika mahakama ile angeweza kuisikiliza kesi hiyo. Mna sababu ya kweli ya kujitoa, jitoeni mara moja. Kama sababu ni ngozi yenu, kaeni.

Kwa wakubwa wenzangu wanaosoma haya kwa pembeni nina machache. Mwaka 2017 David Lammy, mbunge wa Uingereza, alitoa ripoti kuhusu rangi na haki za jinai huko England na Wales, ambako makabila madogo yasiyo ya Wazungu yalikuwa karibu asilimia 14 ya watu na asilimia 25 ya wafungwa. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba juri hazikuonekana kuhukumu tofauti kwa sababu ya rangi ya mshtakiwa. Ripoti ilitaja kwamba wanajuri hulazimika kujadiliana, mmoja akimweleza mwenzake anachofikiri na kwa nini. Mambo yanayoamuliwa na mtu mmoja, mlango umefungwa, hayana kinga hiyo. Lammy akapendekeza kanuni ambayo naiona ya haki kwa pande zote: taasisi yenye tofauti kubwa kati ya rangi na rangi iieleze tofauti hiyo kwa ushahidi, na ikishindwa, ibadilishe utaratibu wake.

Anzeni na faili zenu wenyewe. Toeni orodha ya kesi kubwa za mwaka huu na majina ya waliopewa, ibandikeni mahali ambapo hata mwanafunzi wa mafunzo anaweza kuisoma. Jina likikosekana mwaka mzima, mwiteni mwenye jina hilo mumweleze kwa nini, ana kwa ana, na mwenzenu mmoja akiwapo anaandika. Mkiona aibu kuitamka sababu hiyo mbele yake, mpeni kesi inayofuata.

Wenu,
Mzee wenu, wakili mstaafu