Gramu 300 ni robo kilo ya sukari na zaidi, sio risasi

Ndugu Mhariri,

Salaam toka Kizota hapa Dodoma, upepo na vumbi kama kawaida yetu. Naandika kuhusu ile makala yenu ya Wamarekani wanaojaza risasi wenyewe nyumbani, yaani wanachukua ganda tupu wanalitia fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti na kichwa kinachoruka, nimeipenda, nimeisoma yote kijiweni mpaka chai ikapoa, ila kuna sehemu mmeandika kwamba risasi ya .375 ya kuwindia nyati ina kichwa cha gramu 300. Jamani! Gramu 300 ni robo kilo ya sukari na zaidi, bunduki gani hiyo ya kurusha robo ya sukari? Kwenye vitabu vyao wanaandika "gr" na mtafsiri wenu kaona hiyo ni gramu, kumbe ni greni, kipimo cha zamani cha wenzetu, gramu moja ina greni 15 na ushee, kwa hiyo hicho kichwa cha greni 300 ni gramu 19 na kitu tu.

Mi sio msomi, nilikuwa msoma nyayo kwenye kambi za uwindaji Rungwa, ukitoka Manyoni unapita Itigi unazama porini, misimu 16 nimekula huko. Na kwa hilo la gramu wala sina hasira maana kosa lenyewe linajisema, mtu akigeuza greni za baruti kuwa gramu ganda litamkatalia, litajaa na nyingine itamwagika mezani. Linaloua ni kosa linaloenea ndani ya ganda. Hapo ndo nagombana na nyie, pale mliposema anayetaka kujifunza hii kazi atafute kitabu kimoja kizuri cha mwongozo, vile vyenye majedwali ya kichwa gani kinatiwa baruti kiasi gani, na hata cha mtumba kinatosha kwa sababu bei yake nafuu.

Kuna mwaka tulipokea mgeni wa Montana, kwao baridi ya kugandisha maji kwenye ndoo, akaja na bunduki yake ya .375 na risasi alizojaza mwenyewe kwao Januari. Sisi tuko Oktoba, na anayeijua Rungwa ya Oktoba anajua, chuma cha bunduki ukikiacha juani hukishiki. Siku ya kwanza mgeni lazima apige tageti kabla hajapelekwa kwa mnyama, akapiga ya kwanza sawa, ya pili bolti, kile chuma cha kufungia risasi nyuma ya mtutu, ikagoma kufunguka. Akavuta, ikagoma, akaigonga na kiganja mara mbili ndo ikaachia. Mwindaji bingwa wetu, yule anayeongoza wageni porini, akaokota lile ganda, akaligeuza kuangalia fataki, presha imeibamiza imekuwa bapa kabisa kama zile sarafu tulizokuwa tunalaza kwenye reli pale Itigi tukiwa watoto treni ikazipitia. Akamwambia bwana, hizi zifungie, utawinda na za kiwandani.

Usiku mgeni akatoa vitabu vyake viwili, kimoja cha kampuni iliyotengeneza vile vichwa, kingine cha Lyman, amemletea mwindaji bingwa zawadi. Mgeni akavifungua mezani chini ya taa ya sola, anasoma ameweka rula chini ya mstari ili jicho lisiteleze kwenda mstari wa jirani. Mi nasimama nyuma na chai, nikaona namba hazifanani, nikauliza, bosi, sasa hapo kipi kinadanganya? Akacheka akasema hakuna kinachodanganya, kila kitabu kinakupa yaliyotokea kwao siku hiyo, na mtutu wao, kopo lao la baruti, fataki zao na maganda yao. Kosa lake yeye alichukua kiwango cha juu kabisa cha baruti kwenye kitabu kimoja, akajaribu kwenye theluji ikatulia, kumbe aina nyingi za baruti zikipata joto presha inapanda. Kile kitabu cha pili kilikuwa kinaishia chini ya pale alipofika yeye. Anacho, hajakifungua.

Kwa hiyo kitabu kimoja hakitoshi bana, viwili ndo mwanzo, na visiwe vya ukoo mmoja. Kampuni ya vichwa kama Hornady au Sierra kitabu chake kinasimamia vichwa vyake yenyewe, ukiwa na kichwa cha kampuni nyingine huwezi kuazima namba hata kama uzito ni ule ule, maana umbo na ugumu wa kichwa vinabadilisha presha. Lyman wao ni watu wa vifaa, wanachanganya vichwa vya kampuni tofauti. Wa baruti nao, mfano Hodgdon, namba zao wanaziweka bure mtandaoni, na hizo ndo za kulinganishia. Kitabu cha viwango bila kueleza wamepima kwa bunduki gani na mtutu wa urefu gani, mi ningekiacha dukani.

Halafu mtumba. Kitabu cha mwaka 1965 ni kizuri kwa kusoma hadithi zake, ila zamani presha walikuwa wanaipima kwa kipande kidogo cha shaba, kinabonyea risasi ikilipuka, wanapima kimebonyea kiasi gani, basi. Baadae zikaja mashine za umeme zinazoona presha inavyopanda na kushuka, na viwango vya juu vingi vikashushwa kwenye matoleo mapya. Baruti zenyewe zimebadilika. Na kuna majina ya mapacha, H4831 na IMR 4831, namba moja, Kulwa na Doto, lakini IMR inaungua haraka kuliko mwenzake, ukichukua kiwango cha Kulwa ukampa Doto inaenea vizuri tu kwenye ganda na hapo ndo penye balaa. Vile vile hizi kopi za PDF zinazozunguka kwenye simu, mtu kapiga picha kurasa, 3 imekuwa 8, halafu unamuamini nani? Kwenye hii kazi nusu greni ni kitu.

Kingine watu hawasemi, zile kurasa za mbele. Vijana wakipata kitabu wanarukia kwenye majedwali kama wanatafuta matokeo ya mechi, wakati kurasa za mbele ndo zinakwambia uanze na kiwango cha chini upande kidogo kidogo, usibadilishe fataki kienyeji, na ukiona bolti nzito usimame. Yule mgeni alizisoma, alituambia mwenyewe, miaka mingi nyuma, akasahau. Na ka mambo ni kuchagua, chagua kitabu cha waya mgongoni, kinalala wazi mezani, sio unakishikilia kwa kiwiko huku mkono mwingine una mzani.

Sasa mngeongeza pia mstari mmoja kwamba hayo ni ya Marekani, huko baruti na fataki mtu ananunua dukani. Kwetu kutengeneza risasi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya 2015, hamkuligusa kabisa, na huku vijijini magobore yapo, na wenye magobore wanasoma magazeti, msidhani hawasomi. Namjua mmoja Manyoni huko ana vidole vitatu mkono wa kulia, hakuwa na kitabu hata kimoja.

Naomba toleo lijalo mrekebishe hiyo gramu, ukurasa ule ule na kwa maandishi ya saizi ile ile, sio kule chini ya matangazo ya viwanja. Na yule msomaji aliyeuliza vitabu vya namna hii vinapatikana wapi Dodoma, mi dukani sijawahi kuviona. Mwindaji bingwa alipostaafu aliniachia vile viwili, kimoja panya wamekula jalada, alama za penseli za yule mgeni bado zimo. Anayetaka kusoma aje Kizota aulize mzee wa Rungwa, atasomea hapo hapo kibarazani. Siazimishi.

Msoma nyayo mstaafu,
Kizota, Dodoma